Mkono wa Shangazi na Fimbo ya Yadi

Shangazi yangu Kalunde,

Leo nimewafundisha wasichana wangu hapa Tabora vipimo vitatu: yadi ya urefu, ratili ya uzito, saa ya muda. Mmoja akauliza, "Mwalimu, zamani watu walipimaje nguo?" Somo likanitoka kichwani. Nikakukumbuka wewe.

Hawakuamini nilipowaambia kwamba kitambaa kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na mnunuzi ndiye aliyeleta mkono wa kupimia. Ndiyo maana wanawake wa Kwihara hawakwenda dukani bila wewe. Kijiji kizima hakikuwa na mkono mrefu kama wako. Siku ya soko waligonga mlango na kukuamkia kabla jua halijapanda: "Mwangaluka, Kalunde! Twende!" Mwenye duka, yule Mwarabu mcheshi, akikuona tu alijishika kichwa. "La haula! Leo mmeniletea Kalunde!" Nawe ukaunyoosha mkono taratibu, kwa madaha, duka zima likicheka. Hukujaliwa mtoto, na watu walikusema sana kwa hilo, lakini siku ya soko hakuna aliyethubutu. Siku hiyo ulikuwa mtu wa kutafutwa.

Kisha ikaja fimbo ya yadi, yenye muhuri wa serikali. Wanawake wakanuna. Fimbo ni ya mwenye duka, walisema, itatuibia tu. "Tumsikilize Kalunde."

Ulikata ufito, ukaulaza juu ya fimbo ya yule Mwarabu, ukauchonga mpaka vikalingana. Halafu ukanichukua mimi, mtoto niliyekuwa nikikaa kwako, tukaanza safari.

Tulizunguka maduka ya mjini. Kila fimbo tuliyoiomba, ufito ulilala juu yake sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Tukapanda gari la moshi hadi Usoke. Sawa. Safari nyingine tukatembea siku kadhaa mpaka Ipole, miguu yangu ikavimba, tukaiomba fimbo ya duka lililojaa harufu ya nta. Sawa tena! Ulipiga magoti sakafuni, ukapitisha kidole kwenye ncha.

"Mwanangu, hata ukucha hauingii," ulisema kwa sauti ya chini. "Huu ni mkono wa nani, uko kila mahali, haukui wala hauzeeki?"

Uso wako sikuwahi kuuona vile, hata kanisani. Na bado mwili unanisisimka, Shangazi, nikifikiri kwamba ratili ya hapa ndiyo ratili ya Usoke, na kwamba dakika hii ninayokuandikia ina urefu uleule kwa watu ambao sitawaona kamwe. Mtu akikaa akalitafakari jambo hilo, anaogopa kidogo.

Njia nzima ya kurudi uliugeuzageuza ufito mikononi. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua ulichokuwa ukiwaza. Ungesema fimbo inaiba, wangeendelea kuja kukuita. Nani angefunga safari hadi Ipole kuhakikisha?

Uliwaita wote uani.

"Fimbo ni ya kweli," ukawaambia. "Aliyekuwa akipunjwa ni yule Mwarabu, na mwizi nilikuwa mimi." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ukangoja wanyamaze. "Sasa hata mkimtuma mtoto, atapata haki yake. Nendeni wenyewe."

Siku ya soko iliyofuata walipita nje wakizungumza. Wewe ulikuwa umekwisha kuoga na kuvaa. Ulikaa kitandani, mikono mapajani, ukizisikiliza sauti zao mpaka zikapotea njiani. Kisha ukavua nguo nzuri, ukachukua jembe ukaenda shambani.

Wasichana wangu wanaiamini fimbo bila swali, na ni vyema. Lakini wewe ulidhani nimelala asubuhi ile. Sikuwa nimelala, Shangazi. Nilikuona.

Pumzika kwa amani,

Mtoto wa kaka yako