Ulezi Nusu, na Kitabu Nilichodai Nimekisoma

Jumamosi, Milanzi. Upepo tangu alfajiri, ule wetu wa kiangazi unaopita kati ya mtu na blanketi lake.

Katika Sumbawanga nzima, kuanzia Boma mpaka huku kwetu, hakuna aliyesoma vitabu vya maajabu kunishinda mimi. Vyote vilivyomo kwenye sanduku la chumba cha vitabu kule mjini nimevimaliza, jalada hadi jalada.

Uongo. Nimesoma vitatu. Na hicho cha tatu niliruka kurasa za vita, maana majina yalikuwa marefu na miwani yangu ina kioo kimoja.

Ningejua uongo huu utaniponza, ningeutunza kwa shughuli ya maana zaidi.

Nianze na ulezi. Kwetu mwenye ulezi wa kupura hupika pombe. Majirani wanakuja na fimbo zao, wanapura, wanakunywa, wanaimba, na jua likizama nafaka iko ghalani. Mwaka jana mke wangu Tereza alipika mtungi mkubwa. Nikaonja kuona kama pombe imeiva. Nikaonja tena, nisije nikawa nimekosea. Wapuraji walipofika asubuhi walinikuta nimelala kando ya mtungi, na mtungi ukigongwa unaitika. Tereza akaapa mbele ya padri kwamba hatapika pombe tena maadamu mimi ni hai. Kwa bahati yake mbaya, bado ni hai.

Kwa hiyo mwaka huu nawalipa kwa hadithi.

Msinicheke. Mapadri walinisomesha miaka mitatu kabla ya kunifukuza kwa kuigiza mwendo wa mmoja wao, na katika miaka hiyo kusoma kulikaa kichwani, ingawa hesabu ilipita tu kunisalimia. Nakaa kigodani upande usio na vumbi, nasoma kwa sauti, wao wanapiga fimbo. Penye hatari fimbo zinasimama hewani. Nimejifunza kuzipita hatari upesi, la sivyo hakuna kinachopurwa.

Na wanapenda! Kama kuna mtu ataokota daftari hili naye anatafuta cha kusoma, basi asikie kwangu. Aanze na *Mfalme Aliyelala Ndani ya Ngoma*. Ngoma ikipigwa mfalme anaota, na anachoota kinatokea mjini. Mwandishi anachelewa mno kumwamsha, mimi ningemwamsha ukurasa wa kumi, lakini siku mpiga ngoma anapogundua kwamba yeye mwenyewe ameotwa tu, wapuraji wangu walikaa chini bila kuagizwa. *Binti wa Mlima Unaotembea* asikisome mwenye mama mkwe nyumbani. Mlima unamfuata binti kila anakoolewa, unajikalisha nyuma ya nyumba, unasikiliza. Tereza alicheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. *Jiji la Chini ya Chumvi* ni cha wenye moyo mgumu. Anastazia alimlilia farasi wa humo mpaka akapiga mguu wa mwenzake badala ya ulezi.

Anastazia ni jirani yetu, mjane wa rafiki yangu, na ndiye mkuu wa wapuraji. Hakuna aliyemchagua. Ulimi wake ulitangulia na wenziwe wakaufuata.

Wiki iliyopita nilipofunga kitabu cha tatu, aliegemea fimbo yake. "Haya shemeji, kinachofuata kipi? Na usituletee mlima mwingine. Nina wakwe wa kunitosha."

Nikamwambia bila kupepesa: *Mhunzi wa Mbalamwezi*.

Sijakisoma. Nimeona jalada lake tu. Kuna mtu kifua wazi mbele ya tanuru refu, anafua mwezi kwa nyundo. Na lile tanuru, nyinyi, ni malungu yetu haya haya yaliyosimama mashambani siku hizi yakiota nyasi! Baba yangu aliyeyusha chuma humo. Nilikuwa mdogo, nimejificha kichakani nisifukuzwe, nikaona wanaume wakipandisha udongo mwekundu na makaa, siku zikapita, kisha wakavunja mlango wa chini ukatoka moto mzito unaotambaa. Udongo uliingia, jembe likatoka. Siku hizi majembe yanatoka dukani, yamefungwa kwa karatasi, na hakuna mtoto anayejificha kichakani kuyatazama.

Tangu nilione jalada hilo sijatulia. Nataka kujua huyo mwandishi anajua nini.

Basi leo nikashuka mjini. Nikafika chumba cha vitabu, nikakuta mlangoni pamebandikwa karatasi: VITABU VINAVYOPENDEKEZWA. Nikaweka kioo changu kimoja sawasawa. Uchimbaji wa vyoo. Ufugaji wa kuku. Namna ya kuandika barua kwa mkubwa wako. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeona haya: hadithi za maajabu, kwa watoto tu.

Kwa watoto tu!

Karani wa vitabu anaitwa Hamisi, kijana wa pwani, mpole, kaptula yake imepigwa pasi hadi inaweza kukukata. Aliniamkia vizuri. Nikaomba *Mhunzi*. Akafungua daftari lake kubwa, akapitisha kidole.

"Mzee wangu, hiki umeshakisoma."

"Nani kasema?"

"Wewe. Nimeandika hapa, vya maajabu amesoma vyote. Ulisema mwenyewe hapo barazani, mbele za watu. Na sheria ya hapa kila mtu kitabu mara moja, wengine nao wapate."

Ni kweli nilisema. Siku hiyo walimu wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wanajisifu kwa vitabu walivyosoma huko Tabora, na mimi sikuumbwa kukaa kimya penye majisifu.

Ningekiri palepale yangekwisha. Lakini benchi ni lile lile, na walimu ni wale wale, na safari hii walikuwa wameacha kuzungumza ili wasikie vizuri.

Nikakohoa.

"Halafu, Mzee," Hamisi akaongeza, kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi, "kwa umri wako, majini na miezi ya nini? Chukua hiki cha kuku. Kitakusaidia."

Nikabeba kuku nikaondoka.

Njia nzima kurudi Milanzi nilikuwa nagombana na upepo. Mambo ya watoto! Mimi ni mtoto wa mtu aliyepika udongo ukawa jembe, na leo nafundishwa ukubwa na kaptula. Bwana Shauri, yule Mzungu wa Boma, anasoma magazeti ya kwao yaliyofika yamechakaa na hakuna anayemwambia ni ya watoto. Padri anatusomea kila Jumapili kuhusu mtu aliyekaa ndani ya samaki siku tatu, tena tunapiga magoti. Mimi nikitaka mwezi mmoja ufuliwe kwa nyundo, napewa kuku!

Wapuraji walikuwa wameshafika uwanjani. Nikaketi, nikafungua kitabu cha kuku, na nikawasomea *Mhunzi wa Mbalamwezi*.

Nilisoma vizuri, nasema haki. Nilitia mivukuto ya baba, na dawa alizozika chini ya tanuru, na wimbo wake, na jinsi alivyokataa kula mpaka chuma kishuke. Mhunzi akafua mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fimbo zilikwenda pamoja kama moyo mmoja. Nusu ya ulezi wote ikawa imepurwa. Nikafika mwezi wa kumi na tatu, ule unaokataa kutoka tanuruni. Fimbo zikasimama hewani.

Hapo nikakauka. Baba hakuniachia la kufanya chuma kinapogoma. Nikageuza ukurasa kutafuta msaada, nikakuta namna ya kutambua yai bovu.

Anastazia alikuwa ameshafika nyuma yangu. "Shemeji, mbona huyu mhunzi ana mdomo na manyoya?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Hata mimi ningecheka kama yai bovu lingekuwa la mtu mwingine. Kisha Anastazia akafunga khanga yake kiunoni, akachukua fimbo.

"Hadithi si mbaya," akasema. "Lakini mwezi umeuacha motoni. Siku utakayoutoa, tutakuja tumalize."

Wakaondoka wote.

Tereza alifunika ulezi uliobaki kwa majamvi, akaweka kitabu cha kuku juu yake upepo usiyapeperushe. Ndiyo kazi ya kwanza ya maana kitabu hicho kimefanya. Lakini majamvi hayazuii mbuzi wa watu, na kule bondeni wameanza kuchoma nyasi. Cheche moja ikibebwa na upepo huu, mwaka mzima wa jasho letu unakuwa majivu, na tutakula ugali wa kuomba. Mgongo wangu hauwezi kupura nusu nzima. Wa Tereza nao umeshachoka kunibeba mimi.

Nimekaa mlangoni jua linaposhuka, na bado sijui mwezi ule unatokaje.

Haya Hamisi, husomi daftari hili, lakini nafanya mazoezi ya nitakachokuambia. Ulipofika hapa mwaka jana na kashati kako ka pwani, meno yanagongana kama fimbo za wapuraji, nani alivua koti akakuvika? Nilisema likae nawe mpaka jua litoke. Jua limetoka mara nyingi, mwanangu, na leo umeniambia maajabu ni ya watoto ukiwa ndani ya koti langu, umefunga vifungo vyote.

Baki nalo.

Jumatatu nitapita mapema, kabla walimu hawajafika kwenye benchi. Chukua raba ufute ule mstari mmoja, wa amesoma vyote. Uliandika kwa penseli, niliona.