Mbadilishieni Hewa

Jumapili, 14 Januari 1996

Mvua siku ya tisa mfululizo. Tumerudi kutoka misa tumelowa mpaka soksi. Wageni wanne wakatufuata nyumbani — kisa? Kuiona nyumba! Mtaa mzima wa Chanji sasa unajua kwamba mimi Vitus nina silingibodi na madirisha ya vioo. Nimewatembeza chumba kwa chumba. Mmoja akashangaa humu ndani kuna joto, hakuna hata kaupepo. Nikamwambia upepo wa Ufipa nimeufungia nje, ukitaka kuingia upige hodi. Wakacheka. Nami nikacheka sana tu.

Shirika lilipotupunguza kazini mwaka juzi, watu walisema nitarudi kijijini kushika jembe. Wapi! Nina duka la misumari na rangi, nina nyumba ya saruji. Mama nimemtoa kijijini Msanzi kwenye nyumba ya nyasi, sasa analala kitanda cha futi nne na mjukuu wake Lydia. Nani kati ya wale wasemaji amemfanyia mama yake hivyo?

Kitu kimoja kinaniudhi. Ukuta wa chumba cha Mama, upande wa kitandani, unatoka jasho. Jasho kabisa! Unapitisha kidole, kinarudi kimelowa. Nimeufuta kwa tambara. Rangi ya mafuta hiyo, inafutika vizuri.

Jumanne, 16 Januari

Lydia anakohoa. Mafua ya masika. Mke wangu Justina kamchemshia majani ya mkaratusi ndani ya chumba, jiko la mkaa pembeni, mlango umefungwa. Mvuke mpaka humwoni mtu.

Ijumaa, 19 Januari

Si mafua. Asubuhi kifua kilikuwa kinapiga filimbi, mabega yanapanda juu, na mbavu zinaonekana. Miaka minane tu, mtoto wangu! Nimembeba mgongoni hadi zahanati, chini ya mwavuli, Justina nyuma yetu.

Daktari anaitwa Amos, kijana, mpole, ila ana haraka. Benchi limejaa hadi nje. Kasema ni pumu. Kaandika vidonge, akasema, "Na mbadilishieni hewa." Nikataka kuuliza, tayari ameita mwingine.

Njiani Justina akauliza, hewa ya wapi? Nikasema hewa ya Msanzi, ndiyo iliyopo. Dada yangu Bertilla bado anakaa kwenye ile nyumba yetu ya zamani. Mama akataka kwenda naye. Nimekataa. Nimemjengea, halafu akaonekane anarudi na mzigo kichwani? Watasema nimemfukuza.

Jumapili, 4 Februari

Habari njema! Mtu katoka Msanzi, anasema Lydia anakimbizana na mbuzi kutwa. Anakula. Kifua kimya. Yule daktari kijana anajua kazi yake, nimemtangaza dukani kwa kila mteja.

Mama naye ana kikohozi cha alfajiri. Uzee na baridi. Nimemwambia asifungue dirisha.

Jumatano, 14 Februari

Lydia karudi jana kwa gari la Matai, lile linalopitia Msanzi. Kanenepa! Lazima awahi mafundisho, Komunyo yake ya kwanza ni Pasaka. Mama hataki kusikia habari ya soda peke yake siku hiyo. Keshaloweka ulezi, gunia mbili, unachipua chini ya kitanda maana jiko la nje linavuja. Nilishasema pombe haitaingia nyumba hii. Mama akasema, "Hii siyo pombe, ni kimea." Ukibishana na mama yangu, unashindwa.

Wamelala pamoja jana, bibi na mjukuu, wananong'ona na kucheka. Nyumba imekuwa nyumba tena.

Ijumaa, 16 Februari

Kifua kimerudi. Siku tatu tu!

Jumapili, 18 Februari

Sikwenda misa. Justina naye hakwenda. Kaniita uani, kasimama kwenye manyunyu bila khanga kichwani. Kasema, "Baba Lydia, sisemi kitu. Nahesabu tu. Alikaa mbali na bibi yake akapona. Amerudi kulala naye, kaanguka."

Nikamwambia anyamaze. Nilipandisha sauti. Lakini sikumwambia kwamba si kweli — hilo ndilo linalonikereketa. Nilijikuta na mimi nahesabu.

Jumanne, 20 Februari

Tumemhamishia Lydia chumbani kwetu, upande wa jua, siku jua likikumbuka kutoka. Kapata nafuu kidogo. Justina ananitazama tu.

Mama hakuuliza mjukuu wake kahamishwa kwa nini. Katandika kitanda chake, basi.

Dukani kaja mama mmoja wa jirani kununua misumari ya inchi tatu. Akauliza, eti Mama bado yuko kwangu? Bado yuko! Nimempa misumari sikumrudishia hata neno la asante. Najua kinachosemwa bombani. Hakuna anayelitaja lile neno lenyewe, na wote wanajua ni neno gani. Nimewahi kuona mwanamke mzima wa umri wa Mama akihama kijiji kwa neno hilo.

Ijumaa, 23 Februari

Mchana tulikula viazi. Lydia akanyoosha mkono kupokea kiazi kwa bibi yake, kile kilichomenywa vizuri, kama walivyozoea. Justina akakiondoa mkononi mwa mtoto, akampa kingine kutoka kwenye sufuria. Taratibu kabisa.

Mama akautazama mkono wake. Akaugeuza, akautazama na upande wa pili.

Mungu wangu. Nami nilitafuna kiazi.

Jumatatu, 26 Februari

Nimerudi zahanati na Lydia, mimi na yeye tu. Amos akasoma cheti. "Niliwaambia mbadilishe hewa. Mmebadilisha?"

Nikajibu kwa kujiamini: tulimpeleka Msanzi wiki tatu, akapona, akarudi, akaugua.

Akaweka kalamu chini. "Msanzi? Mzee wangu, nilisema hewa ya chumbani!"

Aibu niliyoipata! Benchi zima limesikia. Basi leo akatulia, akaeleza. Kwamba pumzi za watu zina maji, jiko na birika vinatoa maji, nguo mbichi zinatoa maji, na nyumba ikizibwa maji yale hayana pa kwenda, yanarudi ukutani kwenye baridi. Ukuta ukilowa unaota ukungu. Ukungu ndio unaomkaba mwenye pumu. Kule Msanzi nyumba ya nyasi inapumua yenyewe, moshi wake ni mbaya lakini haikai na maji. Sasa akauliza kama ofisa wa polisi: chumbani mna nini kibichi? Nikataja kamba ya nguo, maana kwa mvua hii nani anaanika nje? Nikataja gunia za kimea. Akashika kichwa.

"Na matundu ya hewa juu ya madirisha, yapo?"

"Yapo," nikasema.

Niandike ukweli hapa, hakuna anayesoma. Yalikuwepo. Fundi Kalisti aliyaacha juu ya kila dirisha, akaniomba nisiyaguse. Juni iliyopita baridi ilipokaza nikakoroga saruji mwenyewe na kuyaziba moja moja, nikapiga na rangi juu ili yasijulikane. Nilijiona fundi kuliko fundi.

Nyumbani tumevuta kitanda cha Mama. Ukuta wote wa nyuma mweusi, toka sakafuni hadi usawa wa goti. Ukungu umeshika mpaka godoro, mpaka kitenge chake cha kanisani kilichoanguka huko. Na harufu! Mtoto wangu alikuwa analaza pua yake hapo. Mama yangu pia, miezi yote hii.

Nikawaeleza alichosema daktari. Nilipofika kwenye gunia, Justina akapiga makofi. "Kumbe kimea!" Uso wake ukafunguka, nilifurahi kuuona. Kweli alikuwa anaumia, naye siyo mtu mbaya.

Mama akakaa kwenye ncha ya kitanda. "Basi ni mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema ngoja nitoe gunia nje.

Alhamisi, 29 Februari

Gunia nje. Nguo tumehamishia kibandani kwa jirani. Dirisha tunafungua mvua ikipumzika. Kitanda kimesogezwa kiganja na nusu kutoka ukutani. Nimeusugua ukuta kwa maji ya magadi mpaka vidole vikauma.

Leo umelowa tena. Utakaukaje? Tukifunga dirisha tu, chumba kinakuwa chupa iliyozibwa. Mimi ndiye niliyeziba!

Justina kauona. Ile furaha ya Jumatatu imemtoka. Kasema polepole, "Kimea tumetoa. Kimebaki nini?" Halafu akatazama mlango wa Mama.

Jioni Mama kaniambia Jumamosi anaondoka na gari la Matai. "Hakuna aliyenifundisha kukaa kwa watu," kasema, "na sitaki kufundishwa kuondoka." "Kama ni mimi, mtoto apone. Kama si mimi, mtoto apone."

Jumamosi, 2 Machi

Naandika nimekaa kwenye kigoda cha Mama. Vumbi la saruji limejaa kwenye karatasi, kalamu inakwama.

Asubuhi Mama alikuwa ameshafunga kila kitu: godoro, sufuria mbili, rozari kwenye kitambaa. Kasema gari linapita saa nne. Mimi nikaenda dukani, nikachukua tindo na nyundo, nikarudi. Nikapanda kigoda nikaanza kugonga juu ya dirisha lake. Akaniambia nisubiri aondoke kwanza, vumbi linamwingia kwenye nguo safi.

Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyeziba."

"Umeziba nini?"

"Hewa. Kulikuwa na matundu hapa. Nimeyaziba mimi, Juni. Ukuta unalowa kwa sababu hiyo. Kimea kimeongeza tu. Si wewe, Mama. Haikuwa wewe hata siku moja."

Nilidhani atanilaani. Akasema, "Juni nilikuwa natetemeka. Ulikuwa unanikinga na baridi."

Hapo nikalia. Mtu mzima, juu ya kigoda, tindo mkononi! Anitukane basi. Anaanza kunitetea mimi, wakati mimi nimekaa wiki nzima tangu kiazi chake kikataliwe mbele yangu.

Nikagonga. Tundu la kwanza likafunguka, halafu la pili, na upepo ukaingia wenye baridi ya kweli. Tukausikia wote wawili. Nikamwambia sasa fungua mzigo, huendi popote. Akatikisa kichwa.

"Mimi umeniambia," akasema. "Mimi nilikuwa najua kwamba si mimi. Kawaambie wanaohesabu."

Amekaa juu ya godoro lililofungwa, mikono magotini. Hajafungua kamba wala hajasimama. Justina yuko bombani na wanawake sita au saba, sauti zao nazisikia hapa. Yule wa misumari ya inchi tatu yumo. Lydia kaenda na ndoo yake ndogo. Si mbali, ni hatua hamsini, tope tu.

Gari la Matai limepiga honi pale njia panda. Mama kanitazama.

Limepiga ya pili. Nimevaa kiatu kimoja, cha pili sikioni, na mkono huu unaoandika sijui kwa nini bado unaandika, bora niende bombani peku