Hamravik Wamerudi Ligi Kuu, Baba

Baba,

Wamepanda. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata hujaitikia shikamoo yangu. Hamravik wamerudi ligi kuu. Bao lenyewe lilikuja muda wa nyongeza, wala halikuwa bao zuri. Kile kisahani cheusi cha hoki kiligonga mguu wa beki wa wenzao kikajikokota hadi wavuni. Mjukuu wako Neema aliruka akapiga kichwa kwenye taa ya sebuleni. Mama Bahati wa kanisani, ambaye mpaka leo anaamini wachezaji wale wanagombana kwa mambo ya ukoo, alipiga vigelegele. Mimi nililia, Baba. Nililia kama siku ya mazishi, ila safari hii kifua kilikuwa chepesi.

Nakuandikia hapa jikoni Richfield, Minnesota. Nimetoka shifti asubuhi, sijabadilisha hata nguo za kazi. Theluji ya uani imebaki vidonge vidonge vyeusi, na ndege zinapita juu ya paa kama kawaida yake.

Unakumbuka ulivyofika hapa, baada ya sisi kumzika Mama kule Mafinga? Ulikaa kwenye kochi umevaa koti, ukatazama kuta zote nne, ukasema, "Nyumba nzuri, mwanangu. Sasa narudi lini?" Nikacheka. Lakini wiki zilipita na koti hukulivua. Nilikuwa narudi kazini, kuwauguza wazee wa watu, nakuta mzee wangu mwenyewe dirishani, chai imepoa mbele yake. Nilijua kubadilisha shuka mgonjwa akiwa kitandani. Sikujua cha kufanya na huzuni yako.

Aliyejua ni Neema, na wala hakukusudia. Alikukuta unakunja ile skafu yako ya kijani na nyeupe, akakuuliza kwa Kiingereza chake ni ya nini. Ukamjibu, "Ya timu yangu. Hoki ya barafuni." Mtoto wa Minnesota huyo, anayesoma na watoto waliozaliwa wamevaa viatu vya barafu, alicheka hadi akakaa chini. Babu wa Mafinga, na hoki wapi na wapi! Ukamtajia jina la mji, herufi kwa herufi, akaandika kwenye kompyuta. Jumamosi ile ile mkaangalia mechi. Kule Sweden ilikuwa jioni, huku hatujala hata chakula cha mchana. Hamravik walifungwa vibaya sana. Nawe ukavua koti.

Kuanzia hapo nikaanza kukufahamu upya. Mama alikuwa akituambia tu kwamba Baba yenu alisoma ufundi Ulaya. Hakuna aliyetuambia kwamba ulipelekwa na kiwanda cha kwetu Mufindi ukiwa kijana, kujifunza mashine za karatasi Hamravik, mji ambao jua linachungulia mchana na kuondoka. Hakuna aliyetuambia kuhusu Sixten, fundi mwenzako, aliyekukuta umekaa peke yako bwenini Jumapili akakuvuta mkono, "Njoo, hapa watu hawakai ndani." Ndipo ukaingia uwanjani.

Ulipenda kumsimulia Neema jinsi timu ilivyozaliwa. Vibarua wa kiwanda cha Hamravik walicheza juu ya mto ulioganda, magongo wamechonga wenyewe, na kipa amejifunga magazeti miguuni. Baadaye kiwanda kikawajengea uwanja wenye paa. Wewe uliwakuta kwenye utamu wenyewe. Mwaka ule walichukua ubingwa wa nchi nzima, mji ukatoka barabarani usiku wa baridi kali, na bibi mmoja usiyemjua akakuvisha skafu yake shingoni kwa sababu alikuona huna. Ulikuwa ukifika hapo unasema, "Hakuniuliza natoka wapi. Aliona shingo tu."

Halafu ukaja mteremko. Ulikuwa umesharudi Mufindi, na Sixten alikuja huko mwenyewe kufunga mashine, akajifunza Kiswahili kwa mafundi, pamoja na matusi yao. Alipoondoka akawa anakutumia habari, nazo zilikuwa mbaya kila mara. Kiwanda cha Hamravik kikapunguza watu. Wachezaji wazuri wakahamia miji mikubwa. Timu ikashuka daraja, ikashuka tena. Paa la uwanja likaoza, wakawa wanaazima barafu mji wa jirani, mpaka wenyeji wakapanda wenyewe juu na nyundo zao, walimu, wauza duka, mchungaji, wakaezeka upya.

Nilikuuliza siku moja kwa nini usichague timu nyingine, hapa Minnesota zimejaa. Ulinitazama kana kwamba nimekuambia uoe tena. "Walinipokea wakiwa mabingwa, Tumaini. Niwakimbie wamechoka?"

Baba, moyo wako ulipoanza kuchoka nao, hata wauguzi wa wodini walijua ratiba ya Hamravik. Mmoja wao, yule binti wa Fridley, aliniambia hajawahi kumpima presha mgonjwa anayemwambia asubiri kwanza mchezaji aliyetolewa nje amalize dakika zake za adhabu. Ni humo wodini ulimoniambia nisikusafirishe. "Nizikeni hapa. Mimi na baridi tunajuana tangu ujana. Na wewe na mtoto mtakuja Jumapili baada ya kanisa. Mafinga, ukimtoa mdogo wangu, nani atakuja? Wote mko huku." Nilikuahidi, nikatimiza. Ardhi ilikuwa imeganda, wakaleta mashine ya kuichimba. Kwaya ya kanisani iliimba, mvuke ukiwatoka midomoni.

Lakini Baba Mdogo hakukubali. Alipiga simu siku ya pili, sauti ya mdogo wako niliyoizoea kwa utani, ikaniambia, "Umemwacha kaka yangu kwenye barafu kama samaki." Akakata. Nilipopiga hakupokea. Nilipomtumia picha za ibada, hakujibu. Nikaanza kujiuliza usiku na mchana kama nilikusikia vizuri wodini, au nilisikia nilichotaka kusikia. Kazini nilikuwa naosha uso wa mzee wa watu, nakuona wewe chini ya udongo ule mgumu, nalazimika kutoka nje kidogo.

Kwa hiyo ilipofika mechi ya kuamua nani apande, sikutaka hata kuiona hiyo kompyuta. Nilimwambia Neema aiache. Akanijibu kwa Kiswahili, Baba, Kiswahili chote, kimenyooka: "Mama, Babu asingeacha." Papo hapo kengele ya mlango ikalia. Mama Bahati huyo, ametoka Fridley na mumewe na watoto, sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, mkononi. "Tumekuya kuangalia ule mupira ya Papa," akasema kwa Kiswahili cha kwao, kama alivyokuita siku zote, akapita moja kwa moja jikoni kutafuta sahani. Wakafuata na wengine wa kanisani. Hakuna aliyejua kanuni hata moja. Neema ndiye aliyewafundisha, kwa maneno yako na kwa mikono yako, mpaka ule mtindo wako wa kugonga goti kipa akidaka.

Nimeshakusimulia mwisho wake. Nisichokusimulia ni kilichofuata.

Watu walikuwa bado wanakumbatiana, simu ikalia. Sixten, kutoka uwanjani. Nyuma yake kelele tupu na honi. Alikuwa analia na kucheka kwa Kiswahili chake cha kiwandani: "Tumaini! Mzee wako ameona! Mimi najua ameona!" Nami sijui kilichonitoka ni nini, badala ya kumpongeza nikamwambia yote. Samaki, barafu, Baba Mdogo, mashaka yangu. Akasogea mahali penye utulivu. Akaniambia kwamba mlikuwa mkipigiana simu kila baada ya mechi, mimi nikiwa kazini, na kwamba mara ya mwisho ulimwambia, "Sixten, mwanangu amenileta mahali ambapo theluji inaanguka na mjukuu ananiuliza kuhusu Hamravik. Nikifa, sitoki hapa."

Nilikaa sakafuni pale pale. Mama Bahati alidhani nimefiwa tena.

Nadhani ingeishia hapo, nami ningeshukuru. Lakini yule rafiki yako hakuridhika. Alimkumbuka Baba Mdogo tangu enzi za kiwandani, kijana wa stoo aliyemfundisha yale matusi. Akaniomba namba. Kesho yake, Mswidi wa umri ule akampigia Baba Mdogo kule Mafinga. Walichoongea sikijui chote. Najua tu kwamba jioni simu yangu iliita, na Baba Mdogo hakuanza na lawama. Alikohoa, akasema, "Yule mzungu bado anatukana kama zamani." Kisha akalia, Baba. Alikulilia sawasawa, kama ndugu. Akaniomba nimsamehe, nikamwambia hakuna la kusamehe, ni uchungu tu. Akauliza, "Kwani hiyo timu yake imeshinda kweli?"

Sasa nakushukuru. Kwa kuja, ingawa hukutaka kuja. Kwa kuvua koti. Kwa kumpa binti yangu kitu cha kukuuliza, maana kumbe alikuwa akijifunza lugha yetu kila Jumamosi, nami nikidhani mnaangalia michezo. Namshukuru pia bibi yule wa Hamravik nisiyemjua, aliyeona shingo ya baba yangu ina baridi.

Baba Mdogo ameniomba jambo moja. Anataka udongo wa kaburi lako, auweke penye kaburi la Mama. Tumeshapanga. Shule zikifungwa, mimi na Neema tutapitia kwanza Sweden, Sixten atupeleke kwenye ule uwanja ulioezekwa na walimu na wauza duka, kisha tutashuka Mafinga. Ardhi ya makaburini imeanza kulainika. Jumapili nitachota kwa mkono wangu mwenyewe, nifunge kwenye kitambaa, nisikitoe mapajani njia nzima.

Lala salama, Baba yangu. Mama nitamfikishia.

Mwanao,
Tumaini