Sauti ya Kaka Yako Katika Mfumo wa Zamani

Nyumba za Wafanyakazi wa Chuo,
S.L.P. 418.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu na za kaka yako. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Watoto bado wanagombania kiti cha dirishani?

Sisi wazima kwa kiasi chetu. Kaka yako anakula vizuri, na mkono wa kushoto umepata nguvu hata vifungo vya shati anafunga mwenyewe. Ukijitia kumsaidia unakatwa jicho. Ulimi ndio bado. Tangu kiharusi cha mwaka juzi hajatamka neno. Dada wa mazoezi, anayeshinda naye nikiwa kazini, anasema tusikate tamaa. Sikati. Ila wifi, nyumba hii ina kimya! Naongea mimi, najijibu mimi, nacheka mimi.

Utadhani basi kazini napata wa kupiga nao soga. Wapi! Chuo kimeamua masomo yote yahamie kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni. Zamani kila kitivo kilikuwa na wake, madaktari na wao, wahandisi na wao, watu wa kilimo na wao, na mwanafunzi anatembea na nywila chungu nzima kama mlinzi na funguo zake. Sasa mlango ni mmoja. Ni jambo jema, silikatai. Sisi wa kitengo cha mtandao ndio wapagazi: tunabeba maandishi, mitihani na rekodi za mihadhara, tunajaribu kama kila kitu kinafunguka, kisha tunageukia somo jingine. Wenzangu wanafanyia kazi makwao. Mimi intaneti ya nyumbani inachechemea, kwa hiyo ofisini nimebaki na meza tupu na friji linalonguruma. Hata mkuu wetu namjua kwa maandishi tu. Ananitumia "Asante" na kidole gumba, siku imekwisha.

Mwezi uliopita tulifika kitivo cha kilimo. Nilijua tutafika, nikawa naipiga chenga siku hiyo. Somo la udongo la kaka yako lilikuwa palepale, jina lake juu, mihadhara yake yote chini. Na agizo lilikuwa wazi: somo lisilo na mwalimu halihamishwi, na mfumo wa zamani unazimwa Ijumaa. Nikampigia mkuu simu. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Mkuu, hili somo ni la mume wangu."

"Pole sana, mama. Lakini aliyechukua nafasi yake ameshaandaa la kwake. Hayawezi kuingia yote mawili."

"Siombi liingie. Naomba rekodi."

"Hizo ni zake. Mpelekee mwenyewe."

Nikazipakua bila kusikiliza hata moja. Niliogopa kulia mle ofisini, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.

Jioni nilimkalisha kaka yako sebuleni, nikaweka kompyuta mbele yake, nikabonyeza. Wifi, ile sauti! "Udongo una adabu," ikasema. "Ukiuuliza vizuri, unajibu." Wanafunzi wakaangua kicheko. Miaka hii nilidhani naikumbuka sauti yake, kumbe nilikuwa nakumbuka maneno tu.

Nilimtazama nikingoja furaha. Akageuza uso ukutani. Kisha ule mkono wa kushoto ukaja, ukaifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Chakula hakukigusa. Nikajiona mjinga. Nilidhani namletea zawadi, kumbe nimemwingizia nyumbani mwanamume mwingine, mzima, mwenye ulimi wake.

Ijumaa mkuu akaandika: "Zima." Aliyebonyeza ni mimi. Hapakutokea kishindo, ukurasa ulibaki mweupe tu. Nilitamani kumwambia mtu, nikatazama zile meza, nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Basi jana nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia sauti ya kaka yako sebuleni. Nikatupa kisu, nikakimbia, nusura nianguke mlangoni. Nilidhani amesema, wifi. Nilidhani Mungu ametujibu.

Ilikuwa kompyuta. Ameifungua mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto. Nikaegemea ukuta. Hakuniona. Alikuwa anaruka maelezo yake yote, anatafuta mahali wanafunzi wanapouliza maswali. Hapo anaacha, anasikiliza, anatikisa kichwa. Binti mmoja akauliza kama udongo nao huchoka, kaka yako akacheka kwa mabega, bila sauti. Aliponiona akapigapiga kiti cha pembeni. Nikakaa. Tukasikiliza mpaka viazi vikabadilika rangi, na sikusema neno. Ndiyo, mimi!

Sikudanganyi kwamba upweke umekwisha. Leo asubuhi nimeongea peke yangu tena, nimejibizana na birika. Lakini nimejua kitu: yule mtu hakukosa kusema tu, amekosa kuulizwa. Sote tunamwambia mambo, mimi wa kwanza. Na wewe kila ukipiga simu unaniuliza mimi hali yake. Najua kwa nini, wifi yangu. Unaogopa kile kimya. Hata mimi nakiogopa, na ninaishi nacho.

Jumapili ijayo piga, nami nitamwekea simu kwenye sikio la kushoto. Muulize jambo, lolote la utoto wenu. Halafu nyamaza. Utasikia anavyopumua. Usikijaze kile kimya, na usikate simu mpaka yeye mwenyewe anirudishie.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na shangazi mkubwa. Mwambie miwani aliyotuma ilifika salama. Mola awape afya na usingizi mtamu.

Wako akupendaye daima, wifi yako uliyembatiza jina mwenyewe,

Chiriku