Somo la Sauti Kwenye Madungu ya Ifakara

Jumatatu, 29 Aprili 1912

Barua imewasili kutoka bomani. Bwana Mkaguzi atafika Ijumaa. Asipokuta wanafunzi kumi na watano katika darasa la juu, litafungwa. Darasa langu! Sayansi na Kijerumani — nami nina miezi minne tu tangu nihitimu Tanga. Leo wamehudhuria watatu. Wengine wanaamia ndege. Mpunga unatia maziwa, na familia nzima zimehamia mashambani, kwenye madungu, vile vichanja virefu vya walinzi.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekwenda shambani kwa Mzee Kasmiri, kwa koti na tai, viatu mkononi. Nilimwamkia, nikamfafanulia faida za elimu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ndege kwelea hawajui tarehe ya ukaguzi. Mwanawe Leodegar, mwanafunzi wangu bora, alificha uso asionekane akicheka.

Lakini nimepata wazo. Ikiwa darasa haliwezi kuja shuleni —

Jumatano, 1 Mei

Wazo limefaulu! Wanafunzi kumi na saba, madungu tisa. Nilipanda dungu la Mzee Kasmiri, nikapaza sauti: “Der Vogel!” — yaani ndege. Madungu yote yakaitikia, ndege wakaruka. Mama Theodosia wa shamba jirani akauliza kama Wadachi hawana neno kali zaidi la kufukuzia. Wanalo. Nimempa “Donnerwetter” — Mungu anisamehe.

Alhamisi, 2 Mei

Somo la sauti. Mwanafunzi wangu Melkiori alipiga debe kwenye dungu la mwisho, karibu na mto. Tuliona mkono wake ukishuka. Tukahesabu eins, zwei — ndipo mlio ukatufikia. Nikaeleza kwamba sauti husafiri, nayo huchukua muda wake.

Mzee Kasmiri akaacha kusokota kamba. Akasema mwaka ule wa vita vya Majimaji nduguye alianguka kwanza, ubavuni pake; mlio wa bunduki ukaja baadaye. Miaka saba amedhani masikio yake yalimdanganya.

“Mwalimu, risasi huishinda sauti?”

“Ndiyo, mzee.”

Akaishika tena kamba yake, akasema: “Huyo mkaguzi wako mlete hapa hapa. Watoto hawatatoka, lakini watasoma.”

Ijumaa, 3 Mei

Ninaandika juu ya dungu, kwa penseli. Bwana Mkaguzi alikuta shule tupu, akakunja uso. Nikamsihi, kwa Kijerumani changu bora kabisa, aje shambani. Amekuja — buti zimejaa tope! Amehesabu wanafunzi mara mbili: kumi na saba. Hata hivyo akasema shamba si darasa, na kwamba barua ya kufunga imo mfukoni mwake, imebaki kutiwa sahihi tu.

Hapo Leodegar akamwambia kwa Kijerumani, bila mimi kumtuma, kwamba tumepima mwendo wa sauti. Je, Bwana angependa kuhakikisha mwenyewe? Nilitaka ardhi inimeze!

Bwana Mkaguzi alimtazama muda mrefu. Akafungua mnyororo wa saa yake, akampa ahesabie sekunde. Kisha akashika njia ya mtoni, peke yake, akapige debe mwenyewe.

Sasa anapanda ngazi ya dungu la mwisho. Melkiori anampa debe na fimbo. Madungu yote kimya. Hata ndege wameachiwa mpunga. Mzee Kasmiri amesimama kando yangu, mkono juu ya macho kukinga jua.

Mkono wa koti jeupe umeinuka juu ya mpunga. Umeshuka! Leodegar anahesabu. Eins —