Maneno Mia Sita ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama huwezi, basi soma na usimwambie mtu. Si Meneja, si wa nyumbani kwako, si abiria uliyekaa naye kiti kimoja. Nimelificha nyuma ya makasha ya karatasi kwa sababu huko hakuna anayeingiza mkono ila mimi. Likisogezwa nitajua.

Naandika kwa kuwa sina wa kumwambia.

Bwana Shamba amekufa. Hii ni wiki ya saba. Alikaa avue buti zake, hakuinuka. Na leo kuanzia saa moja asubuhi amewapigia simu wakulima elfu kumi na nne, akawasalimu, akawakumbusha kupalilia.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Watafiti wa kituo wanaleta ripoti — kurasa arobaini, majedwali matupu — na mimi naigeuza kuwa maneno ya nusu dakika. Zamani Bwana Shamba aliyasoma mwenyewe. Mwaka jana fundi wa kompyuta alimkalisha siku tatu kwenye chumba cha kurekodia, akamsomesha neno mojamoja: mazao, siku, namba, wadudu, "nyunyiza", "vuna". Ili ujumbe uweze kuungwa hata akiwa safarini. Maneno mia sita na kumi na mawili. Alitoka amekauka koo, akasema, "Mmenikata vipande kama muhogo."

Wakulima hawajaambiwa. Meneja anasema wakijua hawatapokea simu tena, na wasipopokea mradi umekwisha. Alisema pia, akicheka peke yake, kwamba Bwana Shamba sasa ndiye mfanyakazi wake pekee asiyeomba ruhusa.

Nikivaa hedifoni namsikia akivuta pumzi kabla ya kila neno. Kabla ya "Jumanne" kiti kinalia. Baada ya "maharage" anameza mate. Sikutaka kuyajua haya.

Jumanne, 5 Machi

Viwavi wameingia kwenye mahindi. Daktari wa Wadudu — ndivyo tunavyomwita mtafiti wa ghorofa ya juu — ameshusha matokeo ya dawa mpya. Mililita kumi na tano kwa bomba la lita ishirini. Mboga zilizopandwa katikati ya mahindi zisichumwe kwa siku saba.

"Mililita" hakuirekodi. Alirekodi "vijiko". Akarekodi na "vya chai". Kijiko cha chai ni mililita tano, kwa hiyo vijiko vitatu. Hesabu imekubali.

Nikaunga ujumbe. Sekunde thelathini na mbili. Mtambo unakata kwenye thelathini. Nikaondoa salamu ya kuagana — thelathini na moja. Nikaondoa "vya chai". Ishirini na tisa na nusu.

Nikausikiliza mara nne. Ulitiririka kama vile alikaa akausema kwa mkupuo mmoja. Nilijisikia fundi. Halafu nikahisi kama mtu yuko nyuma ya kiti changu, nikageuka. Ukuta.

Meneja amebonyeza kutuma.

Alhamisi, 7 Machi

Mkulima akibonyeza sifuri, anaacha maneno. Mimi nayasikiliza asubuhi na kuyaandika. Wangejua wanaongea na mashine wangesema machache. Wao wanaongea naye. Mmoja anasema ng'ombe amezaa jike. Mwingine anamnunia: harusi ya mwanangu hukuja, Bwana Shamba, na wali tulikuwekea.

Kuna bibi mmoja, sauti kavu: "Mwanangu, siku hizi umechoka. Unasema neno, unanyamaza, unasema lingine. Kama mtu anapanda ngazi gizani. Kapumzike."

Kwenye fomu nimeandika: Anashukuru kwa ushauri.

Ijumaa, 8 Machi

Dada kapiga. Ndiye aliyenilea, na shamba la nyumbani analima yeye. Jana amenyunyiza dawa. "Wewe na tai yako hunikumbuki," akasema. "Bwana Shamba ananikumbuka. Kanipigia mwenyewe, hata jembe sijaweka chini."

Nikasema yuko na mengi.

"Msalimie. Mwambie viwavi wamekufa wote, mpaka inzi hatuwaoni."

Nikasema salamu zitafika.

Jumatatu, 11 Machi

Mjane wa Bwana Shamba amekuja ofisini. Amekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani. Nilidhani amefuata karatasi za mirathi. Kumbe la. Alitaka kumwona anayemsemesha mumewe.

"Ni mimi, mama," nikasema. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi.

Akasema napiga ile namba kila siku, mwanangu, namsikiliza mpaka simu ikatike. Nimezoea. Ila ya viwavi si yake.

"Ni sauti yake, mama."

"Sauti yake. Maneno yako. Mume wangu hasemi kijiko akaachia hapo. Miaka ishirini na sita nimeishi naye, hata sukari ananiambia kijiko cha chai. Aliwahi kuona shamba la mtu likiungua kwa sababu ya kijiko."

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Nikaishusha chini isionekane.

Hakupaza sauti. Alipofika mlangoni akasema, "Kosa lenu lisemeni kwa vinywa vyenu. Yeye mwacheni alale."

Vijiko vitatu. Jikoni kwetu kijiko ni kile kikubwa cha kulia chakula. Kwa Dada pia. Kwa nani sicho?

Jumanne, 12 Machi

Nimepima kwenye sinki la ofisi, na maji. Kijiko kikubwa kimoja: mililita kumi na tano. Vitatu: arobaini na tano. Nimerudia kwa kijiko kingine. Ni ileile. Nimewaambia watu elfu kumi na nne wazidishe sumu mara tatu.

Nimepanda juu kwa Daktari wa Wadudu. Nikauliza, kama vile najaza fomu, kipimo kikizidi mara tatu mboga zikae siku ngapi. Jicho lake lilikuwa kwenye darubini.

"Nani kazidisha?"

"Hakuna. Fomu tu."

"Andika wiki tatu. Na mimi mwanangu nisingempa hata hapo. Ukimwona mtu katokwa na mate, mboni za macho zimesinyaa, huyo ni wa hospitali, si wa kunyweshwa maziwa." Ndipo akainua uso. "Umekuwaje? Umepauka."

Nikasema sijala.

Majani ya maboga. Kila mtu ameyapanda katikati ya mahindi. Na sisi wenyewe tumewaambia siku saba. Walionyunyiza siku ileile ya simu wanachuma leo.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia Meneja. Niliandika kwanza kwenye karatasi nisije nikababaika, nikababaika hivyohivyo.

Alifunga mlango. Akauliza nani mwingine anajua. Akauliza kama kuna mkulima aliyelalamika. Nikasema bado. "Basi," akasema. Wafadhili wanafika kesho asubuhi na mapema kuona mtambo. Wanakuja kuona unavyofanya kazi, kijana, si unavyoomba radhi.

Nikasema watu watakula.

Akaegemea kiti. "Wewe uliunga. Mimi nilibonyeza. Lakini aliyesema kijiko ni nani? Kamuulize."

Alitabasamu. Nadhani alikusudia kunitia moyo.

Nimerudi kwenye meza yangu nikayafungua maneno yote mia sita na kumi na mawili. Nilitaka tu ayaseme yeye, mara moja ya mwisho, aokoe watu, kisha nimwache. "Msichume" ipo. "Wiki" ipo. "Tatu" ipo. Lakini yule aliyekwisha kula nimwambieje? Alirekodi magonjwa yote ya mahindi, ya maharage, ya mihogo, ya kuku. Ya mtu hakurekodi hata moja. "Zahanati" hakuna. "Mtoto" hakuna. "Tumekosea" — nimetafuta kwa T, nimetafuta kwa K, nimesikiliza faili zisizo na jina. Katika moja anakohoa. Katika nyingine anamuuliza fundi, bado mengi?

Nikampigia Dada. Nikamwambia asichume mboga.

"Kwa nini?"

"Dawa ilikuwa kali."

"Bwana Shamba kasema siku saba. Kesho zinatimia, na watoto wameimba maboga wiki nzima." Nikasisitiza. Akacheka, si kwa ubaya. "Mdogo wangu, wewe ni karani wa karatasi. Jembe ulilikimbia ungali mdogo. Akinipigia mwenyewe nitaacha."

Neno lilikuwa mdomoni. Amekufa, Dada. Maneno mawili. Sikuyatoa. Niliona sura ya Meneja, niliona barua ya kufukuzwa kazi, niliona hata mahali pa kuweka sahihi. Nikasema, haya, usiku mwema. Ilikuwa saa tisa mchana.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefika saa kumi na mbili, jua ndilo linatoka. Kibali cha kutuma kiko kwenye kompyuta ya Meneja. Kompyuta hiyo mimi ndiye humwashia kila asubuhi, neno la siri nalijua.

Nimeingia chumba cha kurekodia. Kiti chake. Kikalia, kilekile cha "Jumanne".

Mara ya kwanza nilianza na sababu. Sekunde thelathini zikaisha sijafika kwenye kijiko. Nikaitoa sababu. Mara ya pili niliomba radhi kwa urefu. Nikaitoa. Ya tano imekaa:

"Bwana Shamba amefariki. Mimi ni karani wake. Nilikosea kipimo cha dawa ya viwavi. Ni vijiko vya chai. Kama ulipima kwa kijiko kikubwa, usichume mboga shambani humo kwa wiki tatu. Aliyekula aende zahanati leo, aseme ni dawa ya viwavi. Bonyeza sifuri."

Sauti yangu ni nyembamba, kama ya mwanafunzi aliyeambiwa asome mbele ya darasa. Hakuna atakayeiamini. Nimeituma.

Mtambo unapiga kwa kufuata orodha. Saa moja na robo: wamefikiwa elfu moja na mia sita. Namba ya Dada ni ya elfu kumi na moja na kitu. Kwa mwendo huu ni saa nne, na yeye huchuma kabla jua halijapanda. Nampigia mwenyewe. Inatumika. Nampigia tena. Inatumika. Anaongea na nani saa hizi?

Mlango wa ofisi ya Meneja nimeufunga kwa ndani. Viatu vya wafadhili vinasikika kwenye ngazi, na Meneja anawaeleza kwa sauti yake ya wageni: takwimu, wakulima, teknolojia. Amejaribu kitasa. Ameniita kwa upole. Sasa anagonga.

Sifuri haiendi tena kwenye mashine. Nimeielekeza kwenye simu yangu, na imeanza kuita tangu wa kwanza aliposikia. Naandika huku napokea. Wa kwanza alilia kwa ajili ya Bwana Shamba, sikuweza kumkata. Wa pili alitukana. Wa tatu aliuliza kijiko cha uji ni kipi.

Kama daftari hili umelikuta wewe na simu haikukufikia, au uliikata kwa kutoijua sauti, fanya hivi. Piga namba ileile ya Bwana Shamba. Usingoje salamu, bonyeza sifuri. Sema jina lako, sema siku uliyonyunyiza, sema kijiko ulichopimia. Kama huna salio, niite mara moja ukate, nitakupigia. Wakinitoa humu, simu natoka nayo mfukoni. Nisipopokea ni kwamba naongea na mwenzako. Subiri kidogo, piga tena. Wakati unasubiri, usile.