Wa nane kwenye orodha

Jumanne, Buyenzi

Kiti changu cha bungeni nimekipoteza leo saa nne asubuhi, na uchaguzi wenyewe bado. Chama kimepanga majina ya wagombea wa mkoa wetu, na viti hugawiwa kwa kufuata mpangilio huo. Mara iliyopita nilikuwa wa pili, sasa ni wa nane. Hatujawahi kupata zaidi ya viti vitano.

Saidi, katibu wa chama, ndiye aliyenipigia simu, sauti laini kama mtu aliyekuja kuposa.

"Onorabule, mama, usikasirike. Jina lako lipo."

"Saidi, mi nilianza kwa kuuza sabuni Gatumba. Kuhesabu mpaka nane naweza."

Akacheka. Kisha akaniomba Jumamosi nivae kitenge cha chama, nikae mstari wa mbele mkutanoni, niwaombe wanawake wa hapa Buyenzi watupigie kura. Yaani kura nitakazoleta ziwaingize watano wa kwanza.

Nilidhani nitalia. Nikala ugali, nikaosha sahani, nikapiga pasi nguo za bungeni kama kawaida. Mihula minne, miaka ishirini. Sijui nikiamka bila kikao nitakuwa nani, na hata hilo haliniumi bado, ni kama mguu uliokufa ganzi.

Ujumbe niliomtumia ni huu: "Saidi, kesho saa sita mchana unapeleka orodha kwenye tume ya uchaguzi. Nipandishe hadi wa tano, au ulifute jina langu. Nijibu kabla ya saa tano, ndiyo au apana. Usiniandikie 'tutaona'."